Kabla ya Kung'oa Gego la Tatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nieleze maumivu ya neva (mshipa wa fahamu) ya uso, yaitwayo kwa Kiingereza trigeminal neuralgia, ugonjwa ambao wengi wetu hapa Dar es Salaam tunaupeleka kwa daktari wa meno, ilhali chanzo chake hakiko kwenye meno.

Dada yangu mkubwa, mkazi wa Temeke mwenye umri wa miaka 63, aling'olewa magego mawili ya upande wa kulia katika kliniki moja, na maumivu yakabaki palepale. Yalikuwa yakimpiga ghafla kama shoti ya umeme, yakidumu sekunde chache na kuachia, kisha yakirudi alipopiga mswaki, alipotafuna, alipopitisha maji usoni wakati wa kutia udhu, au alipokaa karibu na dirisha la daladala. Majirani walisema ni upepo, nao walimaanisha ule unaohitaji mganga. Nakiri kwamba kwa namna yao walikuwa karibu na ukweli kuliko yule aliyeshika koleo, kwa kuwa feni ya sebuleni peke yake ilitosha kumliza. Kliniki ilipopendekeza gego la tatu, mwanawe alikataa, akampeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu.

Huko tulielezwa kwamba hisia za uso hubebwa na neva ya tano kati ya jozi 12 za neva zinazotoka kwenye ubongo, yenye matawi matatu: la paji na jicho, la shavu na taya la juu, na la taya la chini. Matawi mawili ya mwisho ndiyo yanayohudumia meno, na ndiyo maana mgonjwa huapa kwamba jino ndilo linalouma. Mara nyingi mshipa wa damu huwa umeugandamiza mzizi wa neva hiyo, na kwa kudunda kwake hula ala inayoifunika, hata neva ikaanza kupitisha ishara ovyo kama waya uliochubuka. Wachache huwa na uvimbe au ugonjwa mwingine wa neva, kwa hiyo kipimo cha MRI, kinachopiga picha ya ndani ya kichwa, kina maana pale kinapowezekana. (Ugonjwa huu si ule wa kupooza uso, ambao ni wa neva ya saba na humfanya mtu apinde mdomo; hata wenye elimu huyachanganya magonjwa haya mawili.)

Dawa aliyoandikiwa ni karbamazepini, na hapa ndipo penye lalamiko langu. Muuzaji wa duka la dawa aliposoma cheti alimuuliza mbele ya wateja wengine, "Bibi, kumbe una kifafa?" Dada alirudi nyumbani na vidonge vyake, akavificha, akavumilia maumivu wiki mbili zaidi kwa sababu ya aibu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba dawa hiyo ya kifafa imekuwa ikitumika kwa maumivu haya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwamba inafanya kazi kwa kutuliza neva inayorusha ishara bila mpangilio, kazi ambayo parasetamoli na diklofenaki, tunazozimeza kila kukicha, haziiwezi.

Simaanishi kwamba dawa hii ni ya kujinunulia. Huanzwa kwa kiasi kidogo, mara nyingi miligramu 100 mara moja au mbili kwa siku, kisha huongezwa taratibu hadi maumivu yatulie. Huleta usingizi na kizunguzungu, jambo la hatari kwa mzee anayeamka usiku kwenda msalani, na inaweza kushusha sodiamu na chembe nyeupe za damu, hivyo damu hupimwa. Vipele vikitokea ngozini, mgonjwa arudi hospitali siku hiyohiyo. Haiachwi ghafla. Zaidi ya hayo, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya dolutegraviri, iliyomo katika ARV ambazo Watanzania wengi wanatumia. Kwa hiyo daktari analazimika kumuuliza mgonjwa anatumia dawa gani nyingine, na swali la namna hiyo haliulizwi dirishani watu wakisikiliza.

Asiyeivumilia ana njia nyingine. Okskarbazepini ni ndugu yake na huvumilika zaidi, ingawa hushusha sodiamu hata kuizidi. Gabapentini, baklofeni na lamotrijini hutumika badala yake au pamoja nayo. Zipo pia sindano za botulinamu (sumu ya bakteria inayotumiwa kwa kiasi kidogo kama dawa), ambazo huwapa baadhi ya wagonjwa nafuu ya miezi kadhaa. Upasuaji nao una nafasi yake kwa ambaye dawa zimemshinda, nami siupingi. Ninachopinga ni kung'oa meno mazima.

Ombi langu kwa madaktari wa meno ni kwamba, picha ya eksirei isipoonyesha kasoro na mgonjwa akasema kuguswa shavu kidogo tu kunamrusha kwa maumivu, koleo liwekwe chini na aandikiwe rufaa. Kwa madaktari wanaoandika karbamazepini, ombi langu halihitaji bajeti: wamweleze mgonjwa kabla hajatoka chumbani, na kwenye cheti, pembeni ya jina la dawa, waongeze maneno matatu, "maumivu ya neva", ili muuzaji dukani asilazimike kubahatisha.

Dada sasa anameza miligramu 200 asubuhi na jioni. Feni ya sebuleni imewashwa tena, ingawa ameigeuzia ukutani.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam