Usiache kungfu kwa sababu ya kusimama

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi. Mama yako ameniambia unataka kuacha kungfu kwa kuwa kila jioni mwalimu anawasimamisha tu na magoti yamekunjwa, na hata teke moja hujafundishwa. Nisikilize kwanza.

Kule mkoa wa Henan, China, kwenye Mlima Song, kuna monasteri ya Kibuddha ya Shaolin, maarufu kwa kungfu, iliyojengwa mwaka 495 kwa ajili ya Batuo, mtawa kutoka India. Watu watakusimulia kwamba Bodhidharma, mtawa mwingine wa Kibuddha wa zamani, ndiye aliyewafundisha watawa mapigano. Hadithi tamu, lakini chimbuko lake ni maandishi ya karne ya 17, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Bodhidharma mwenyewe. Ninachokiamini ni jiwe lililochongwa mwaka 728, linaloeleza jinsi watawa walivyomsaidia Li Shimin vitani mwaka 621, kabla hajawa mfalme wa China. Na silaha iliyowapa sifa baadaye ilikuwa fimbo. Ndiyo waliyowakabili nayo maharamia wa pwani miaka ya 1550.

Humo Shaolin kuna ukumbi ambao sakafu yake ya matofali imebonyea mashimo, safu kwa safu. Inaelezwa kuwa ni nyayo za watawa, kizazi baada ya kizazi, wakikanyaga pale pale. Mimi nikiitazama picha yake nakukumbuka wewe na hayo magoti yako.

Huo mkao unaitwa mabu. Miguu ipanuke kupita mabega, mapaja yashuke, mgongo uwe wima, ngumi ziwe kiunoni, pumzi ishuke tumboni. Nguvu ya ngumi huanzia kwenye unyayo, ikapanda mguuni, ikazungushwa na kiuno ndipo ifike mkononi. Mguu ukiyumba, mkono hauna kitu. Ndiyo maana walimu wa zamani walimweka mwanafunzi kwenye mkao huo muda mrefu, tena wakimpima subira kabla ya kumfunulia mengine.

Zamani elimu hii mara nyingi ilibaki ndani ya ukoo, kama ukoo wa Chen na taijiquan yao, mtindo mmojawapo wa mapigano ya Kichina. Mwaka 1910 chama cha Jingwu kilianzishwa Shanghai kikafundisha watu wa kawaida hadharani, na baadaye wanawake pia. Kwa hiyo nafasi uliyo nayo, binti yangu, wengi kabla yako waliikosa.

Magoti yakiuma kwa ndani, mwambie mwalimu siku hiyo hiyo. Mapaja yakitetemeka tu, endelea. Ada ya muhula ujao nimeshaiweka kando.

Baba yako