Macho ya mbwa yalindwe anapopewa dawa ya kutuliza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie madaktari wa mifugo wenzangu, pamoja na wafugaji wa mbwa, kuhusu jambo ambalo hupuuzwa mno katika zahanati za wanyama: dawa tunazomchoma mbwa ili atulie hupunguza pia machozi yake, tena wakati mwingine kwa kiasi kikubwa.

Konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, haina mishipa ya damu, kwa hiyo hutegemea machozi kwa unyevu, kinga na sehemu kubwa ya oksijeni yake. Dawa kama medetomidini, deksmedetomidini na zailazini hubana mishipa ya damu na kupunguza msukumo wa neva unaoziamuru tezi kutoa machozi. Zikichanganywa na butofanoli, dawa ya kupunguza maumivu, kama tunavyofanya mara nyingi ili mbwa atulie vizuri zaidi, machozi hupungua hata kuliko pale dawa moja inapotumika peke yake. Wakati huohuo mbwa hapepesi macho kama kawaida, na akipewa ketamini, dawa ya usingizi, hubaki ameyakodoa. Hivyo hata machozi machache yaliyopo hayasambazwi, na konea hukauka huku mnyama akiwa hawezi kulalamika.

Kinachonisikitisha zaidi ni makosa ya vipimo. Machozi hupimwa kwa kikaratasi kinachowekwa ndani ya kope la chini kwa dakika 1, njia iliyoelezwa mwaka 1903 na daktari wa macho wa Ujerumani, Otto Schirmer. Kwa kawaida mbwa mwenye afya hulowesha milimita 15 au zaidi, na kipimo cha chini ya 10 kwa mbwa mwenye dalili humfanya daktari ashuku ugonjwa wa ukavu wa macho. Sasa mbwa mkorofi akichomwa dawa kwanza ili akubali kuchunguzwa, halafu ndipo kikaratasi kikawekwa, namba itakayosomwa inaweza kuangukia chini ya 10 ilhali tezi zake ni nzima kabisa. Mfugaji ataambiwa kwamba mnyama wake anahitaji dawa ya siklosporini maisha yake yote, atazibeba gharama hizo kwa uaminifu, na hakuna atakayerudi kuuliza kipimo kilichukuliwa saa ngapi. Naona kosa hili halina udhuru, kwa sababu kuliepuka hakuhitaji chombo kipya wala fedha: machozi yapimwe kabla ya sindano na kabla ya tone lolote la dawa ya macho. Ikishindikana, iandikwe wazi kwenye faili kwamba mbwa alikuwa chini ya dawa, kisha kipimo kirudiwe siku nyingine.

Kuhusu kinga, mafuta au jeli ya kulainisha macho ipakwe mara tu mbwa anapolegea, na irudiwe kadiri shughuli inavyoendelea. Dawa ya atipamezoli, inayokata nguvu ya medetomidini, husaidia machozi kurudi mapema, lakini si sababu ya kuacha jeli. Baada ya usingizi kamili wa upasuaji, machozi yanaweza kubaki pungufu hata kwa saa 24, hasa upasuaji ukizidi saa 2. Ndiyo maana mfugaji anastahili kwenda nyumbani na jeli hiyo pamoja na maelekezo ya kuitumia. Mbwa wenye nyuso bapa na macho yaliyotokeza, kama Pug, Shih Tzu na Pekingese, wasiachwe bila kinga hii hata kwa shughuli ya dakika chache.

Wafugaji nao wana haki ya kuuliza, kabla ya sindano, macho ya mbwa wao yatalindwaje. Siku zinazofuata, mbwa akifumba jicho moja, akilisugua kwa mguu, au likiwa jekundu na kutoa ute, arudishwe kwa daktari siku hiyohiyo, kwani huenda konea imepata kidonda. Nasihi sana asitiwe matone ya zamani yaliyobaki kabatini, hasa yenye steroidi, yaani dawa za kupunguza uvimbe, kwa kuwa hayo huchelewesha konea kupona na yanaweza kukifanya kidonda kitoboe jicho.

Daktari wa mifugo