Msiba wa nyota una wenyewe: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza ukurasa wenu wa mashabiki ufanye nini siku nyota anapofariki. Nashukuru umeuliza mapema, maana siku yenyewe hakuna apataye nafasi ya kufikiri. Habari huingia usiku, mmoja anaandika "jamani, ni kweli?", na kabla ya nusu saa ukurasa umeshajaa mishumaa, ilhali hakuna aliyehakiki chochote.

Msiba una wenyewe. Shabiki naye ni mfiwa, sikatai, na anayewacheka watu wanaomlilia mtu wasiyewahi kukutana naye hajui sauti moja inavyoweza kuingia nyumbani kwa watu miaka 20 ikawa kama ya ndugu. Lakini mbele ya shabiki wapo mama, mke, watoto. Tarehe 26 Januari 2020 helikopta ilianguka Calabasas, California, ikamuua Kobe Bryant, nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani, binti yake Gianna na watu wengine saba. Tovuti moja ya habari za mastaa ikatangaza kifo chake kabla polisi hawajahakikisha kwamba familia zote zimeshaarifiwa, na mkuu wa polisi wa kaunti akailaumu hadharani. Mwandishi mmoja wa televisheni akasema hewani kwamba mabinti zake wote wanne walikuwemo. Haikuwa kweli, alikuwemo Gianna peke yake, wa miaka 13. Hebu fikiria bibi aliyesikia tangazo lile kuhusu wajukuu zake. Mwandishi aliomba radhi na akasimamishwa kazi, lakini maneno yalikwishatoka.

Kwa hiyo habari ikiingia, msiandike neno. Tafuteni taarifa yenyewe, msiridhike na skrinishoti. Kadi za tanzia za uongo zina sura moja: picha ya msanii isiyo na rangi, nembo ya kituo cha televisheni pembeni, jina na mwaka wa kuzaliwa, basi. Nendeni kwenye akaunti ya kituo chenyewe. Kama kadi haipo huko, imetengenezwa. Halafu angalieni tarehe, kwa sababu vifo vya zamani hufufuliwa kila mara: mtu anakutana na habari ya miaka 6 iliyopita, anaisambaza akilia, na wanaofuata hawasomi juu. Baada ya hapo subirini kauli ya mtu mwenye haki ya kusema, yaani msemaji wa familia, meneja, klabu au chama cha wasanii. Magazeti mawili yanayonukuu chapisho lilelile la mtu mmoja hesabuni kuwa ni chanzo kimoja. Na msiwapigie simu hospitali. Wauguzi hawaruhusiwi kueleza habari za mgonjwa, mnawasumbua bure.

Kwa hapa Tanzania kuna sheria pia. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamwadhibu anayechapisha taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha umma: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mtu anayemzushia kifo msanii ili apate wafuasi asidhani anatania.

Mkishathibitisha, andikeni kwa ufupi. Jina lake la kuzaliwa na la sanaa, tarehe na mahali alipofia, nani ametangaza, kazi zake mbili au tatu, pole kwa familia kwa majina ya wale ambao familia yenyewe imewataja, kisha mseme ratiba ya mazishi itafuata ikitolewa. Inatosha. Kwa mfano: "Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu, aliyezaliwa 8 Januari 1984, amefariki dunia Dar es Salaam usiku wa kuamkia Jumamosi, 7 Aprili 2012." Sentensi moja hiyo imebeba mengi kuliko aya tatu za "tumepoteza jembe".

Majina na miaka ndipo kurasa za mashabiki zinapojikwaa sana. Tazama ilivyokuwa kwa Diogo Jota, mshambuliaji wa Liverpool, aliyefariki 3 Julai 2025 kwa ajali ya gari mkoani Zamora, Hispania. Alikuwa na miaka 28, na siku 11 tu kabla alikuwa amefunga ndoa. Alifariki pamoja na mdogo wake, André Silva, wa miaka 25, aliyekuwa akichezea Penafiel ya Ureno. Yupo André Silva mwingine, mshambuliaji aliyepitia AC Milan na timu ya taifa ya Ureno, naye yu hai. Mtu akitafuta jina mtandaoni na kuchukua picha ya kwanza inayotokea, amemzika mzima. Au chukua Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu, aliyefariki Zanzibar 17 Aprili 2013. Jina lake ni Fatuma binti Baraka, na mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa popote. Mwenyewe alikuwa akieleza umri wake kwa kukumbuka enzi za fedha ya rupia. Sasa utaona kadi zinazotaja umri wake kama vile cheti cha kuzaliwa kipo kabatini. Andikeni "anakadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 100" na hakuna atakayewasuta.

Sababu ya kifo iacheni kabisa mpaka familia iseme, na ikikaa kimya, nanyi kaeni kimya. Kanumba alipofariki, mitandao ilishamhukumu msichana aliyekuwa naye usiku ule kabla hata mazishi hayajafanyika. Alikuwa bado binti mdogo. Mahakama ilitoa hukumu Novemba 2017, zaidi ya miaka 5 baadaye, na kosa lililothibitishwa lilikuwa kuua bila kukusudia, siyo lile la mauaji aliloshtakiwa nalo mwanzoni. Miaka yote hiyo matusi yalikuwa yamebaki pale pale kwenye kurasa za watu.

Kuna hali moja inayotaka uangalifu zaidi, nayo ni nyota anapojiua. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulikuta kwamba kati ya Agosti na Desemba 2014, baada ya kifo cha mwigizaji Robin Williams, vifo vya kujiua nchini humo vilizidi matarajio kwa takriban asilimia 10. Shirika la Afya Duniani linawaelekeza waandishi wasitaje njia iliyotumika, wasionyeshe mahali, wasiweke barua iliyoachwa, wala wasilieleze tendo kama pumziko au ushujaa. Nanyi mfuate hivyo hivyo. Msiandike "sasa amepumzika na mateso yake", kwa sababu anayesoma usiku peke yake na mateso yake atalichukua kama ushauri. Wekeni badala yake jinsi ya kupata msaada, na mtu akiandika kwenye maoni kwamba na yeye amechoka kuishi, msimjibu kwa emoji. Mmoja wenu amwandikie faragha mara moja, amuulize yuko wapi na yuko na nani.

Picha za mwili, hapana. Iwe jeneza lililofunguliwa, kitanda cha hospitali au eneo la ajali, msiweke, na anayeweka kwenye maoni mfute. Askari na wazima moto wa Los Angeles waliopiga na kuonyeshana picha za ajali ile ya Kobe waliiponza kaunti yao ikashtakiwa mahakamani, na Agosti 2022 jopo la waamuzi likaamuru mkewe, Vanessa, alipwe dola milioni 16. Huyo mama aliishi na hofu kwamba siku moja watoto wake watafungua simu na kuziona. Hofu hiyo hiyo anaweza kuwa nayo mjane wa Sinza au Mbagala, ila yeye hana wakili.

Pesa nazo. Saa chache baada ya tanzia hutokea namba za rambirambi, nyingine za matapeli. Kanuni iwe kwamba ukurasa haukusanyi chochote kwa namba ya mtu wenu, hata awe mwaminifu vipi. Mnatangaza namba iliyotolewa na kamati ya mazishi tu, pamoja na jina lililosajiliwa. Waelezeni wachangiaji wasome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Likitofautiana hata kidogo na la mweka hazina, wabonyeze kughairi. Matapeli hupenda namba inayofanana na ile halisi kwa tarakimu zote isipokuwa moja, kwa hiyo msiiandike upya kwa mkono. Nakilini, mbandike, kisha mtu wa pili aisome kwa sauti.

Kuhusu kwenda mazishini, jua kwanza dini ya marehemu. Mwislamu huzikwa haraka. Bi Kidude alizikwa siku iliyofuata, na shabiki wa Mwanza au Mombasa aliyesema atajipanga mwisho wa wiki alikuta kaburi limeshafunikwa. Kwa Mkristo kwa kawaida kuna siku kadhaa na kuaga mwili. Kanumba aliagwa viwanja vya Leaders na kuzikwa makaburi ya Kinondoni tarehe 10 Aprili. Akifia nje, muda hurefuka: Albert Mangwea, msanii wa Bongo Fleva, alifariki Johannesburg 28 Mei 2013 akaja kuzikwa Morogoro mwanzoni mwa Juni, kwa sababu mwili hausafiri bila cheti cha kifo cha nchi husika, cheti cha kuhifadhiwa mwili, vibali na nafasi ya mzigo kwenye ndege. Msitangaze saa ya kuwasili mpaka ndege iwe imeruka.

Kwenye kuaga, hatari ni foleni. Watu wa nyuma wakisikia muda unaisha husukuma, wa mbele hawana pa kwenda, na aliyesimama juani tangu alfajiri bila kula anaanguka. Wapeni wenzenu maagizo haya: wanywe chai nzito asubuhi, kila mtu abebe maji lita 1, wavae viatu vilivyofungwa, wasilete watoto wadogo, wasimame pembeni mwa umati na siyo katikati, na wakubaliane mti au geti la kukutania kwa sababu mtandao wa simu huzidiwa. Wakifika kwenye jeneza wapite bila kusimama, simu mfukoni.

Ukimya wa dakika moja uandalieni watu pia, maana hauji wenyewe. Agosti 2025 pale Wembley, kwenye mechi ya Ngao ya Jamii kati ya Liverpool na Crystal Palace, ukimya wa kumkumbuka Jota na mdogo wake ulikatizwa kabla ya wakati kwa sababu ya kelele za baadhi ya watazamaji. Mkiwa ukumbini, anayeongoza ataje kwanza ni nani anakumbukwa na ukimya utadumu muda gani, azime muziki, asubiri wanaotembea wasimame, ndipo aanze kuhesabu. Panapotarajiwa fujo, dakika ya makofi inafaa zaidi. Liverpool iliistaafisha jezi namba 20 kwenye timu zake zote, wanaume, wanawake na vijana, na mashabiki wakawa wanamwimbia Jota dakika ya 20 ya mchezo. Hilo limedumu kwa sababu limefungwa kwenye saa ya uwanjani, halimngoji mtu akumbuke.

Mkitaka kumwenzi msanii wa muziki au filamu, msipakie kazi zake kwenye chaneli yenu. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania inalinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwenyewe, na kila anayetazama kwenu ni senti ambayo haikufika kwa watoto wake. Wekeni kiungo cha chaneli rasmi. Kazi ambayo ni yenu kabisa ni orodha: wimbo upi, mwaka gani, studio ipi, nani alipiga gitaa, nani aliitikia. Waulizeni waliokuwepo wakiwa hai bado, rekodini sauti zao, hifadhini nakala mbili mahali tofauti. Vifuniko vya kanda na VCD vipigeni picha mbele na nyuma, kwa sababu majina ya wapiga ala mara nyingi yako nyuma tu, kwa herufi ndogo zinazofutika.

Kwa wiki ya kwanza pangianeni zamu za saa 2 kusimamia maoni, watu wawili wawili, na kuanzia saa 6 usiku yafungeni mpaka asubuhi. Wewe mwenyewe uwe na zamu kama wengine, kisha ulale. Nitumie rasimu ya tanzia mtakayoiweka akiba, niisome kabla hamjaihitaji.

Akupendaye,
Mama yako