Mwanangu, hiyo 256 ni biti

Mwanangu mpendwa,

Zoezi lako nimelisoma, na kwa kuwa mtihani wa vitendo ni wiki ijayo, usingizi umeniruka. Umeandika kwamba chipu ya kumbukumbu ya 62256 inabeba kilobaiti 256. La hasha. Hiyo 256 ni kilobiti. Kilobaiti zake ni 32.

Usiangalie jina la chipu, hesabu pini zake. Ziko 28. Za anwani ni 15, kuanzia A0 hadi A14, na za data ni 8. Tano zilizobaki ni za umeme, ardhi, kuchagua chipu, kuruhusu kusoma na kuruhusu kuandika. Hizo haziongezi nafasi hata kidogo. Kila pini ya anwani ni 0 au 1, basi 15 kwa pamoja zinafikia vyumba vya kumbukumbu 32,768, yaani 2 kwa kipeo cha 15. Pini za data ndizo zinazokuambia chumba kimoja kina biti ngapi. Hapa ni 8, baiti moja. Zidisha: biti 262,144, na ukigawa kwa 1,024 ni kilobiti 256. Biti, mwanangu!

Ulipoeleza kwamba pini moja zaidi ya anwani inaongeza ukubwa maradufu, ilhali kwa upande wa data lazima utoke 8 ufike 16, nilifurahi sana. Hilo sikukufundisha mimi. Ndiyo maana inaniuma ukijikwaa kwenye jambo dogo hivi.

Tena ujihadhari na chipu nyingine ya kumbukumbu, 41256. Pini zake za anwani ni 9 tu, lakini anwani huingia kwa mafungu mawili, safu mlalo kwanza kisha safu wima, kwa hiyo hesabu kipeo cha 18. Vyumba ni 262,144, kila kimoja biti moja. Hiyo nayo ni kilobiti 256! Kilobaiti 256 utazipata ukipanga chipu nane sambamba, kila moja ikitoa biti yake. Kabla hujaandika jibu, jiulize: biti au baiti?

Dada yako amehamia kwenye meza yako, nimemwambia asiguse kisanduku cha chipu. Baba anauliza kama ile pasi ya kulehemu uliondoka nayo, maana redio imenyamaza tena. Na ulale mapema, unasoma mpaka usiku wa manane halafu unasahau kula.

Mama yako