Umelipa, na sikio bado linalia: maelezo kwa wateja wetu

Jumanne iliyopita fundi tairi mmoja alisimama mlangoni kwetu, hapa tunapopima masikio, ameshika risiti, watu watano wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu, akasema kwa sauti ya juu: "Musawo (yaani daktari), nilikulipa shilingi 120,000 na sikio bado linalia. Nirudishie pesa yangu." Sikumlaumu kwa hasira yake. Mtu ambaye hajalala vizuri kwa wiki tisa ana haki ya kukasirika. Lakini huyu ni mteja wa nne mwaka huu kuniambia hivyo, na kila mara waliokaa kwenye benchi hutazamana, mmoja akanyanyuka na kwenda zake. Ndiyo maana naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu madereva wa malori, askari na wafanyabiashara wanaotoka Kongo, ambao ni wengi katika wateja wetu hapa Kampala, hiyo ndiyo lugha tunayoelewana nayo.

Zile 120,000 ni za kupima. Hatujawahi kumwambia mtu yeyote kwamba tunauza kimya, na anayekuambia ana dawa ya kuufuta mlio wa sikioni kabisa, muulize mara mbili kabla hujatoa pesa. Duniani hakuna kidonge kilichothibitishwa kwamba kinauondoa.

Huyu fundi sikio lake lilikuwa na mlio mdogo tangu zamani, kama nyenje wa jioni, na hakuujali. Miaka kumi na moja karibu na kompresa, nani asingekuwa nao? Halafu siku moja akijaza upepo tairi la nyuma la lori, ringi ikafyatuka. Alirushwa hatua tatu, akashukuru Mungu kwamba mkono na kichwa vipo. Jioni yule nyenje alikuwa amegeuka msumeno wa Ndeeba, mtaa wa mbao hapa Kampala, unaokata mbao mbichi, sikio la kulia, usiku na mchana.

Siku hiyohiyo mwenzake akammiminia mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto. Wiki ya pili duka moja la dawa likampa matone yenye jentamisini, dawa ya kuua bakteria, chupa mbili, 24,000. Mlio haukushuka, akaenda mahali wakamwosha sikio kwa bomba la sindano, 20,000. Kwa kuwa kichwa nacho kilimuuma, mtu akamhesabia malaria bila kupima damu na kumpa vidonge vya kwinini, 35,000. Wiki ya sita akanunua kikuza sauti cha kuvaa sikioni kutoka kwa mchuuzi, 90,000. Tulijumlisha pamoja kwenye karatasi, mimi na yeye: 169,000. Wiki ya saba ndipo akaja kwetu, na bei yetu ikaonekana kubwa.

Sasa tazameni kilichokuwa ndani ya sikio. Kabla ya kitu chochote huwa tunachungulia kwa taa. Ngoma ya sikio ilikuwa na tundu dogo upande wa chini, kingo zake nyekundu, na juu yake utelezi wa mafuta na matone. Kishindo cha karibu kinaweza kutoboa ngoma. Tundu la namna hiyo mara nyingi huziba lenyewe ndani ya wiki au miezi michache, mradi sikio likae kavu, na huyu lake lilikuwa halijakaa kavu hata wiki moja. Jentamisini ni dawa nzuri mahali pake, lakini ikipenya kwenye tundu na kufika sikio la ndani inaweza kuua seli zilezile zilizonusurika na mlipuko. Maji ya bomba la sindano nayo hayapaswi kuingia kwenye ngoma iliyotoboka. Na kwinini! Wazee wetu wote waliowahi kunywa kwinini wanajua jinsi masikio yanavyovuma. Mtu ana mlio, anapewa dawa inayoleta mlio. Huo wa kwinini kwa kawaida hutulia dawa ikiisha mwilini, lakini yeye alijuaje upi ni wa dawa na upi ni wa tairi?

Hiki ndicho tunachokipima kwa pesa yako. Unakaa kwenye chumba cha kimya, tunapima kwa hewa kupitia hedfoni, kisha kwa mfupa, yaani kitetemeshi nyuma ya sikio, kuanzia sauti nene ya 250 Hz (mitetemo kwa sekunde) hadi nyembamba ya 8000. Kelele huacha alama yake: usikivu huporomoka karibu na 4000, kisha mara nyingi hupanda kidogo kwenye 8000. Mchoro wake ulikuwa hivyo hasa: kwenye 4000 sauti ilibidi ifike desibeli 60 (kipimo cha nguvu ya sauti) ndipo aisikie. Halafu tunautafuta mlio wenyewe: tunapiga sauti moja baada ya nyingine mpaka mtu aseme "huo, huohuo". Wake ulikuwa 6000. Tukapandisha nguvu polepole kutoka pale anapoanza kusikia, ili tujue mlio wake una ukubwa gani. Ulilingana na desibeli 6 juu ya kiwango chake cha kusikia. Sita tu. Aliuita msumeno, na mashine ikasema ni mnong'ono.

Hapo ndipo alipodhani nimemwita mwongo. Sikumwita mwongo, na hili nalitaka lieleweke. Ndani ya sikio kuna sehemu iliyojipinda kama konokono, yenye seli za vinyweleo kama 15,000 hivi kila upande, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Zikinyamaza, ubongo unakosa habari za sauti zile, basi unafanya unachofanya wewe na redio ya mbali: unaongeza sauti mpaka unasikia mkwaruzo wa redio yenyewe. Mkwaruzo ule ndio mlio. Ukitokea pamoja na hofu, na mlipuko ni hofu tupu, ubongo unauweka kwenye fungu la hatari na kuulinda kama mbwa anayebweka getini. Karibu watu wote tuliowapima walikuwa na mlio mdogo kwenye mashine na mkubwa kwenye maisha. Vyote viwili ni kweli, na kila kimoja kina kazi yake.

Lakini kabla ya hayo yote, siku za mwanzo. Hapa ndipo pesa za mteja zinapopotea na hapa ndipo moyo unaponiuma.

Miaka miwili nyuma alikuja mlinzi wa getini, bunduki ya mwenzake ilifyatuka karibu na shavu lake la kushoto. Mlio wa bunduki unapita desibeli 140, kiwango ambacho sikio linaweza kuumia kwa pigo moja. Alikuja kesho yake saa nne asubuhi. Nilipoona mchoro, sikumuuzia kitu. Nilimwandikia karatasi, nikampigia bodaboda, akaenda kwa daktari wa masikio, pua na koo alasiri ileile. Daktari alimpa vidonge vya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Baada ya wiki tatu alirudi, usikivu wake kwenye 4000 umepanda kwa desibeli 25 na mlio umeshuka mpaka anausikia usiku tu. Siwezi kuapa kwamba ni vidonge vilivyofanya kazi, kwa sababu masikio mengi hurudi yenyewe kwa kiasi fulani siku na wiki za mwanzo. Wapo pia waliowahi na hawakupata nafuu. Ila aliyechelewa wiki saba hata nafasi ya kujaribu amekwisha kuipoteza. Usikivu ukianguka ghafla, madaktari wanataka kuanza matibabu ndani ya wiki mbili, na mapema zaidi ni bora. Steroidi usizinunue mwenyewe dukani. Mwenye kisukari, presha au vidonda vya tumbo zinaweza kumletea balaa. Kama umepata kishindo na sikio limeziba au mlio umepanda kuliko ulivyokuwa, nenda kwa daktari wa masikio kesho, hospitali ya Mulago au popote ulipo, hata kabla hujaja kwetu. Na kama kuna kizunguzungu kikali, uso umepooza upande mmoja, au mlio unapiga pamoja na mapigo ya moyo, usisubiri hiyo kesho.

Baada ya ile ya kukimbilia dawa za dukani, njia ya mkato ya pili sina budi kuieleza, kwa sababu inafanywa na watu waangalifu. Kijana mpiga kinanda wa kanisani alikaa mbele ya spika kwenye mkesha wa mwaka mpya, mlio wake wa siku nyingi ukapanda. Akaogopa. Akanunua vizibo vya sponji, akavivaa mchana kutwa: kwenye teksi, mezani, kitandani. Baada ya mwezi mmoja kijiko kikigonga sahani aliruka. Alikuja akilia kwamba masikio yanakufa. Tulimpima, usikivu wake ulikuwa karibu wa kawaida. Ukilinyima sikio sauti zote, ubongo unaongeza ile redio zaidi. Vizibo ni vya kelele. Vaa kwenye grainda, kwenye spika, kwenye kompresa: desibeli 85 sikio huvumilia saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu, hivyo kwenye 100 umebakiwa na dakika 15. Mkesha ule uliendelea kwa muda wa saa sita. Ukitoka hapo, vivue. Yeye tulimpunguzia saa moja kila siku, akaanza na redio ya chini jikoni kwa mama yake. Leo anapiga kinanda, amehama upande wa pili wa spika, na vizibo vyake vya kupimwa vina kichujio.

Usiku ndio mgumu. Wateja wengi hunieleza jambo moja bila kuulizwa: siku ya mvua nililala. Mvua juu ya mabati ni sauti pana, ina nene na nyembamba, haina maneno, na mlio unazama ndani yake kama chumvi kwenye mchuzi. Kwa hiyo tunamwekea mteja mvua. Kwenye simu, kwenye redio ndogo ya betri kwa sababu umeme hukatika, au feni ikigeuziwa ukutani. Kosa ni kufungua sauti mpaka ifunike mlio wote. Iweke chini kidogo ya mlio, uvisikie vyote viwili, ili ubongo uzoee kwamba huyu jirani yupo na hana madhara. Hedfoni usilale nazo. Na acha kuusikiliza asubuhi kama mtu anayekagua mtego; kila ukiutafuta utaupata. Miezi inahitajika, si siku. Mwenye wasiwasi mkubwa au aliyekata tamaa tunampeleka kwa mshauri wa saikolojia, na wengine huchukia wakidhani tunawaita wagonjwa wa akili. Hatuwaiti hivyo. Tiba ya mazungumzo ndiyo yenye ushahidi mkubwa wa kupunguza mateso ya mlio, kuliko chupa yoyote ya majani.

Kuhusu kile kikuza sauti cha 90,000: nilikiweka kwenye kipimo mbele yake. Kinakuza kila kitu sawasawa, sauti nene ambazo anazisikia vizuri na nyembamba ambazo hazisikii, na hakina kizuizi cha juu. Honi ya lori ikipigwa inamwingia ikiwa kubwa kuliko ilivyo. Kifaa halisi cha kusaidia kusikia tunakiwekea mipaka kufuatana na mchoro wako, kinaongeza pale tu palipopungua, na sauti za kawaida zikirudi mlio mara nyingi hurudi nyuma. Kina bei, ndiyo. Ndani ya bei hiyo kuna kurekebishwa mara tatu au nne bila malipo, maana siku ya kwanza hakuna anayekipenda. Mashine zetu hukaguliwa vipimo kila mwaka na tunalipia; chumba kina betri zake ili umeme ukikatika katikati usirudie kuanzia mwanzo. Tungeweza kupima kwa dakika kumi na kutoza 30,000. Tundu la yule fundi tusingeliona.

Pesa yake sikumrudishia. Nilimwita ndani, nikafunga mlango, nikampima tena bila malipo. Tundu limeziba. Usikivu haujabadilika. Nilimuuliza halali vipi, akasema redio haifai, inamkera. Nikamuuliza nyumba yake imeezekwa kwa nini. Mabati. Usiku wa Ijumaa mvua ilinyesha huko kwake Nateete, je, alilala? Alinyamaza kidogo, akasema alilala mpaka saa moja asubuhi mke wake akamwamsha. Nikaiweka mvua kwenye simu yake pale pale, nikashusha sauti mpaka aliposema nyenje na mvua anavisikia pamoja. Tumekubaliana arudi baada ya wiki sita.

Ukija kupimwa, ondoka kwenye kelele angalau saa 16 kabla, kwa sababu sikio lililochoka hutoa mchoro mbaya kuliko hali yake. Mafundi, njooni Jumatatu asubuhi kabla ya kufungua karakana. Dawa zote unazotumia zilete na maboksi yake, hata za presha, hata za malaria uliyomaliza. Usitie chochote sikioni, wala pamba ya kijiti. Na kama umekuja kwetu kwanza na kishindo kimetokea jana au juzi, usipange foleni kwenye benchi: gonga mlango moja kwa moja.