Msikate abakosti za wazee

Bwana Mhariri,

Mimi ni fundi wa kushona wa Kamalondo, hapa Lubumbashi. Nilianza kazi mwaka 1970, nikiwa na miaka 16, kwa mjomba wangu, na mashini ninayoikalia leo ni ileile Singer ya miguu aliyoniachia. Naomba nafasi kidogo katika gazeti lenu kwa sababu ya jambo nililoliona mwezi uliopita kwenye kilio, na tangu siku ile moyo wangu haujatulia.

Marehemu alikuwa mteja wangu tangu ujana wetu, fundi umeme wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Watoto wake walimnunulia kostimu (suti) nyeusi ya dukani, mpya kabisa. Nilipoinama kumuaga, nikaona lebo ya kiwanda bado iko juu ya mkono wa koti, pale chini karibu na vifungo. Lebo hiyo hushikizwa kwa nyuzi chache tu ili mnunuzi aitoe kabla hajavaa. Hakuna aliyeitoa. Nikaomba wembe, nikazikata zile nyuzi mimi mwenyewe, taratibu, watu wakiimba.

Kisha nikaenda nyuma ya nyumba kunawa mikono. Kijana mmoja alikuwa anapangusa viti vya plastiki kwa kitambaa cha rangi ya kahawia. Nilikitambua kabla sijakishika. Ulikuwa mkono wa koti la abakosti nililomshonea mzee mwaka 1978, alipombatiza mtoto wake wa kwanza. Koti lenyewe lilikuwa limetupwa juu ya gunia la makala (makaa). Nikaliomba, wakanipa bila neno, kana kwamba nimeomba gazeti la jana.

Watoto wale si wabaya. Walimlilia baba yao kweli, wakatumia pesa ambazo najua hawana. Ila hakuna aliyewaambia kitu walichokuwa nacho kabatini.

Kwa vijana ambao hawakuiona: abakosti ni koti la mwanaume lisilovaliwa pamoja na karavati (tai), lenye kola inayofungwa karibu na shingo au kukaa wazi kidogo, la mikono mirefu au mifupi. Jina lake linatoka kwenye Kifaransa, à bas le costume, yaani kostimu ianguke. Koti hilo lililetwa na rais Mobutu wakati wa siasa yake ya uhalisi, miaka ileile ya mwanzo wa 1970 nchi ilipoitwa Zaire na watu wakaacha majina ya Kizungu. Nami sitaki mtu aseme namlilia Mobutu. Mjomba wangu alipenda karavati kuliko chakula, na ilimbidi azifungie zote saba kwenye sanduku la bati. Mama zetu walikatazwa suruali na nywele za bandia. Mtu mzima kuchaguliwa nguo na serikali ni aibu. Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza kwamba vyama vingi vinarudi na karavati pia, mjomba alifungua lile sanduku usiku uleule. Mbili zilikuwa zimeliwa na wadudu. Jumapili alivaa ya buluu kwenda misa, na mimi nilifurahi pamoja naye.

Kwa hiyo silii sheria ile. Nalilia kazi iliyomo ndani ya zile nguo, na adabu iliyokwenda nazo.

Chukueni koti la zamani lililoshonwa na fundi wa mji huu, mligeuze ndani nje. Katikati ya mgongo, ubavuni na kwenye pindo la mikono mtakuta kitambaa cha ziada, vidole viwili, mahali pengine vitatu. Sisi tuliita akiba. Mjomba alikuwa ananipiga rula kwenye vidole nikikata bila kuacha akiba, kwa sababu mteja ataongezeka mwili, na baadaye koti litakwenda kwa mtoto ambaye hana umbo la baba yake. Kifuani tulitia kitambaa kigumu na kukishona kwa mkono, sindano kwa sindano, kazi ya siku nzima. Zile kostimu za bei rahisi za leo, kile cha ndani kimebandikwa kwa gundi na joto. Ukizilowesha mara mbili tatu kifua kinaota malengelenge, na mshono ukiufungua hupati hata nusu kidole cha kuongeza. Mteja akiniletea hiyo niipanue, namrudishia na pesa yake.

Na watu walizitunza. Jumamosi jioni, karibu kila uwanja wa nyumba ulikuwa na pasi ya makala inayotoa moshi. Jumapili baba akitoka na kinga yake (baiskeli), mguu mmoja wa suruali alikuwa ameubana kwa kibanio cha nguo usishike mnyororo. Maiti ikipita, alishuka kwenye kinga, akavua kofia, akasimama mpaka wapite wote. Kijana wa leo anapita na pikipiki katikati ya msafara akipiga honi. Hilo linaniuma kuliko nguo zenyewe.

Najua vilivyotupata. Uporaji wa 1991, mishahara iliyokatika, kisha mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliotolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Wengi waliniletea makoti yao niwatafutie mnunuzi. Mitumba ikajaa soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, na mwenye watoto sita ananunua anachoweza. Simlaumu.

Mama nao nawaomba: kitenge cha waksi cha Uholanzi alichoacha bibi, chenye rangi zilezile mbele na nyuma, msikikate mito ya viti. Kifueni kwa maji baridi, kianikeni kivulini.

Wasomaji wenzangu, kabla ya kukata nguo ya marehemu, ileteni kwa fundi yeyote mzee aliye karibu nanyi aitazame ndani. Kwangu kuitazama ni bure, hata umeme ukikatika, maana mashini yangu ni ya miguu.

Lile koti la kahawia nimelifua, limetundikwa ukutani kwangu. Mkono uliokatwa nitaushona upya. Nimepata kitambaa kinachokaribiana nacho rangi. Mtoto wa mwisho wa marehemu ana mabega mapana kuliko baba yake, nilimpima kwa macho pale kilioni. Akisoma barua hii, aje. Akiba ya mgongoni bado ipo, vidole viwili kamili.

Fundi wa kushona, Kamalondo, Lubumbashi