Miti ya Babu Ina Kiu: Wito wa Harambee, na Deni Tunalodaiwa

Tumsifu Yesu Kristu. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Na kwa wa nyumbani, mwangaluka!

Ndugu wazazi, wanafunzi mliosoma hapa, walimu mliohamishwa, na wote mliowahi kukaa kwenye kivuli cha shule yetu ya msingi hapa pembeni ya Manispaa ya Tabora:

Tunaandika kuitisha harambee ya matangi ya maji ya mvua na ya kulipa deni moja la kamati, na tunaandika kwa haraka na, tuseme ukweli, kwa aibu. Babu yetu, yule aliyekuwa akifyeka, akimwagilia, akirekebisha bawaba za milango na kupiga kengele mwalimu wa zamu akichelewa, tulimzika mwezi wa 8. Familia imeomba jina lake lisizungushwe mitandaoni, nasi tumelihifadhi. Aliyepita hapa hahitaji kutajiwa. Kwetu sote alikuwa Babu tu, hata kwa walimu wakuu waliomzidi umri.

Sasa aibu yenyewe. Pale makaburini, baada ya dua, mwanawe mkubwa alisimama kama desturi inavyotaka, akasema mwenye kumdai marehemu aende kwake wayamalize. Kisha akaongeza: "Na kama kuna anayedaiwa na baba, baba aliniambia amesamehe." Wajumbe wa kamati ya shule tulikuwa tumesimama mstari wa mbele. Kila mmoja wetu akaanza kuangalia viatu vyake. Kamati ilikuwa inadaiwa na Babu posho ya miezi 7, shilingi 90,000 kwa mwezi. Jumla 630,000.

Miezi yote 7 hakukosa hata siku moja, isipokuwa wiki ile ya mwisho aliyolazwa. Hakuja ofisini kudai. Alipita, akasalimia, akachukua ufunguo wa stoo, basi.

Mtauliza ilikuwaje. Babu hakuwa mwajiriwa wa serikali. Alilipwa kwa mchango wa hiari tuliokubaliana wenyewe kwenye mkutano wa wazazi, shilingi 1,000 kwa kila kaya kwa mwezi. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, wapo miongoni mwetu walioamua kuwa neno hilo maana yake mzazi hahusiki tena na chochote, hata fagio. Kaya ziko zaidi ya 300. Mwezi wa 7 mwaka huu zilizotoa ni 41. Akalipwa mlinzi wa usiku kwa kuwa yeye alitishia kuondoka. Babu hakutishia, akaachwa. Hatumtaji mtu. Kila mmoja anajua kama yumo kwenye zile 41.

Wageni wanaofika shuleni kwetu huuliza kwanza habari ya miti. Kivuli si kitu cha ajabu Tabora, mji wa miembe, na miembe mingine mikubwa inasimuliwa kuwa ya tangu enzi za misafara iliyokuwa ikipita kati ya pwani na Ujiji. Lakini kiwanja chetu kilikuwa kipara. Walioanza shule hapa miaka ya 90 wanakumbuka tulivyokaa mstarini huku mchanga unachoma nyayo. Leo kuna miti 214: miembe dodo na bolibo, mijohoro kandokando ya njia, miarobaini nyuma ya madarasa. Yote imepita mikononi mwa mtu mmoja mwenye baiskeli.

Baiskeli hiyo tuieleze. Ilibeba madumu 6 ya lita 20, mawili kila upande na mawili juu ya keria, yamefungwa kwa mipira ya tyubu. Kisima kiko mwendo wa kama dakika 40 kwenda na kurudi kwa mtu anayesukuma mzigo kama huo. Madumu 5 yalikuwa ya shule. La 6, lenye mfuniko mwekundu, lilikuwa la mkewe. Safari ya mwisho ya jioni aliishia nyumbani, analitua dumu lile mlangoni kabla ya kuadhiniwa magharibi. Mkewe anasema katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kujitwika ndoo ya jioni. Majirani walikuwa wanamcheka Babu, eti kalishwa limbwata. Anajibu, "Nywesheni miti yenu, nanyi mtalishwa."

Mchwa wa Tabora mnawajua. Mche ukipandwa Jumatatu, Ijumaa umebaki kijiti. Babu alikuwa akizunguka kwa mama lishe kukusanya majivu, akiyamwaga shinani. Na maji alikuwa na namna yake ya kuyabana. Alichukua chupa tupu ya lita moja na nusu, akaikata kitako kwa kisu, akatoboa kifuniko kwa msumari uliopashwa moto, tundu dogo la kupita sindano, kisha akaifukia kichwa chini pembeni ya mche, nusu ndani nusu nje. Maji unayamimina kwa juu, yanashuka tone kwa tone hadi kwenye mizizi, jua haliambulii kitu. Watoto walitumwa kuokota chupa hizo stendi, naye aliwalipa kwa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga kutoka kwenye mfuko wa koti lake. Tuliosoma hapa tunajua ladha ya matobolwa yenye harufu ya mafuta ya mnyororo.

Ameacha na daftari. Tulilikuta stoo, limefungwa kwenye nailoni, nyuma ya kopo la misumari. Kila darasa la saba lilipomaliza, kila mtoto alipanda mche wake, na Babu akaandika kwa penseli: namba ya mti, mwaka, jina la mtoto. Pembeni ameweka maelezo yake. "Umeshika." "Umekauka, tumepanda mwingine." "Umeliwa na mbuzi wa mwalimu." Kwenye mti mmoja wa mwaka 2004 ameandika, "Mwenye mti amefariki Dar. Umwagiliwe."

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa ukiwa Dar, Mwanza, Mpanda au Urambo, kama ulimaliza darasa la saba shuleni kwetu kuanzia 1998, jina lako limo kwenye daftari lile na mti wako una namba. Ukitaka kuijua, mwulize katibu.

Mengine ya Babu tuliyasikia msibani. Alichimba makaburi ya Waislamu na ya Wakristo, na padri wetu alilisema hilo kanisani Jumapili iliyofuata. Uwanja wa mpira aliuchora mistari kwa majivu, kwa kuwa chokaa hatukuwa na uwezo nayo, na kila mechi ya ujirani mwema alikuwa na lake la kumwambia mwamuzi. Kinamama watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walisema mwanawe alivaa sare iliyonunuliwa na Babu. Kwa posho ileile ambayo sisi hatukuilipa. Alilea watoto wake 5, na wajukuu wawili waliofiwa na mama yao. Hospitalini, siku ya mwisho tuliyomwona akiwa na nguvu, alichotuuliza ni nani ana fyekeo lake, maana mara ya mwisho lilirudishwa butu.

Sasa hali ilivyo. Tangu Agosti hakuna anayesukuma baiskeli ile. Mjukuu wake mkubwa alijaribu, madumu yakamwangusha kwenye kona ya mnazi mmoja pale, akachubuka goti. Shule haijafikiwa na bomba. Mwalimu mkuu ameagiza kila mtoto aje na maji kutoka nyumbani, kidogo anachoweza. Wiki iliyopita binti wa darasa la kwanza alikuja na kichupa cha nusu lita. Njiani kiu ilimshika, akanywa. Alipofika kwenye mche aliopangiwa, kilichobaki kilikuwa kama vijiko vitatu. Akavimimina kwenye chupa ya Babu, akachutama hapo akingoja tone lishuke. Kengele ikagongwa, yuko palepale. Mwalimu wake ndiye aliyetusimulia, na hakuweza kumaliza.

Vyoo navyo bila maji mnajua vilivyo. Wasichana wakubwa, ikifika siku zao, saa nne wameshaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Hilo tunaliandika mara moja tu.

Miaka michache iliyopita upepo ulipoezua jengo la madarasa matatu, mlitushika mkono. Mlinunua bati, mbao na misumari, na watoto hawakunyeshewa msimu uliofuata. Mungu aliwalipa na atawalipa. Lakini ili kubana matumizi hatukuweka gata za kukinga maji ya paa. Babu alitukatalia siku ileile. Alisimama chini ya ukingo wa paa, mvua ya kwanza ya Novemba, akaweka pipa. Likajaa kabla mwalimu hajamaliza kuita mahudhurio. Akasema, "Mnanituma kisimani, na maji haya hapa mnayamwaga." Tukacheka. Misimu yote tangu hapo paa lenu limekuwa likimwaga maji chini na kuchimbua msingi wa jengo.

Mwalimu wa hisabati amepiga hesabu hiyo ubaoni na darasa la sita. Mvua ya milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa lile lina mita za mraba 240. Mvua ya Tabora kwa mwaka wa kawaida ni kama milimita 900. Hiyo ni lita 216,000. Ondoa za kupotea, bado zinabaki lita 170,000 na ushee, juu ya bati mlizonunua wenyewe. Miche michanga iko 46. Kwa chupa za Babu, kila mche unatosheka na lita 3 kwa wiki, hivyo kiangazi kizima haifiki lita 4,000. Matangi mawili ya lita 10,000 yakijaa mwezi wa 4, maji yanayobaki ni ya vyoo na kunawa mikono.

Kwa hiyo tunaitisha harambee, na fedha zitakwenda hivi. Deni la posho ya Babu, 630,000, linatoka kwanza kabla ya kitu chochote, na litapokelewa na mwanawe mkubwa kwa niaba ya mama, kwa kuwa mama bado yuko eda. Matangi mawili ni 4,900,000 kwa bei tuliyopewa dukani. Msingi wa matangi, yaani saruji, kokoto na ufundi, 1,150,000. Mawe na mchanga tunasomba wazazi wenyewe. Gata na mabomba 845,000. Usafiri 150,000. Mtoto wa mwisho wa Babu yuko kidato cha pili. Ada haipo, lakini sare, madaftari na chakula cha mwaka tumeviwekea 300,000. Jumla ni 7,975,000. Tunasema milioni 8, na hizo 25,000 za juu ni makato ya kutuma na kutoa. Mpaka sasa mkononi tuna 1,136,500, nyingi zikiwa za walimu, ambao nao mishahara yao mnaijua.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa 10, saa 4 asubuhi, chini ya mwembe mkubwa mbele ya ofisi. Tunataka gata ziwe juu kabla mvua za Novemba hazijaanza. Usiye na fedha leta ulicho nacho: jogoo, mchele, karanga. Madumu mawili ya asali yameshatolewa, yatanadiwa hapohapo. Watani zetu Wazaramo mliooa huku, msije kutulilia msiba kwa mdomo tu, njooni na pochi. Na Wanyamwezi wenzangu, babu zetu walibeba mizigo kichwani mpaka Bagamoyo. Huu wa matangi mawili utushinde?

Walio mbali, namba ya kuchangia anayo mweka hazina na imebandikwa ofisini. Msitume kwenye namba nyingine yoyote hata ikija na picha ya Babu. Matapeli hawaoni haya. Kila mchango utakatiwa stakabadhi. Mapato na matumizi yatasomwa kwenye mkutano wa wazazi na kubandikwa ubaoni, pamoja na risiti za dukani. Safari ya bati taarifa yetu ilichelewa miezi minne, tunajua mlisema na mlikuwa na haki ya kusema. Safari hii itasomwa kabla shule haijafungwa mwezi wa 12.

Mchango ni wa hiari. Hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani wala kuitwa mstarini kwa sababu mzazi wake hakutoa. Babu asingekubali.

Baiskeli yake itakuwepo siku hiyo, tumeiegesha stoo na mjukuu ameshaijaza upepo. Anayekuja kwa miguu aje na dumu, hata la lita 5. Miche ya upande wa vyoo haijapata maji tangu Jumatano.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Shule